Shangazi, imani imeniisha lakini watu wa jumuiya ndio ndugu zangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, na biashara yangu ni dagaa. Alfajiri nakuwa mwalo wa Kibirizi boti zikiingia, nanunua, naanika, kisha nasafirisha Tabora na Dar. Mume wangu ni fundi wa injini za boti na tuna watoto watatu. Kwetu ni Kasulu, upande wa Kabanga. Nilibatizwa nikiwa mchanga, na katika ukoo wetu sijui hata mtu mmoja aliyewahi kukaa chini akaamua kuwa Mkatoliki. Unazaliwa tu humo.

Kwa muda mrefu sasa siamini tena. Naomba unielewe, sikukosana na padre, sikupatwa na msiba wa kunikatisha tamaa, na sijahamia kwa walokole. Iliisha taratibu. Nilikuwa nikisali rozari naona kama najisikiliza mwenyewe. Nilijaribu kuongea na katekista, akanipa novena, nikaisali yote hadi mwisho. Hakuna kilichobadilika. Sasa kwenye misa ikifika Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, midomo inakwenda tu.

Shida yangu ni kwamba mimi ndiye mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Tuko kaya kumi na tano hivi. Jumamosi asubuhi tunakutana kwa zamu nyumba kwa nyumba, tunasoma Injili, tunachanga, tukitoka hapo tunapitia kwa mgonjwa kama yupo. Daftari la michango ninalo mimi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mume wangu hakuwa na injini ya kutengeneza na mimi sikuwa na dagaa wa kuanika. Jumuiya ndiyo iliyotubeba. Walileta unga na sabuni, na ada ya mtoto wakanikopesha bila riba. Baba yangu alipofariki walikodi Coaster hadi Kasulu, akina mama wakapika siku tatu wakiwa wamelala kwenye mikeka. Leo niwaambie nini watu hawa? Kwamba nilikuwa nawadanganya?

Tuko watano wenye hali hii, tumejuana polepole. Yuko nesi ambaye kwao ni Ujiji, familia ya Kiislamu yenye msimamo. Yuko mwalimu wa sekondari, kijana mwenye duka la simu, na mzee mmoja mstaafu wa reli. Kijana ndiye aliyetuonyesha kwenye simu kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wasio na dini wanaokutana Jumapili, wanaimba, wanasikiliza mada, wanasaidiana na wanazikana. Machozi yalinitoka. Sasa anataka nasi tuanzishe chama, tukitangaze Facebook, na tufungue na mdahalo wa hadhara ukumbini hapa Mwanga kuhusu kama Mungu yupo. Mwalimu anasema tusubiri. Mzee yeye anauliza jambo moja tu, nani atamzika.

Shangazi, jumuiya ya namna hiyo inawezekana kweli kwetu huku? Halafu kuna binti yangu mkubwa, ana miaka 13 na yuko kwenye mafundisho ya kipaimara. Juzi aliniuliza, "Mama, wewe unaamini?" Nikamwambia akaoshe vyombo. Na kuna mama yangu Kasulu, amepita miaka sabini. Akisikia atasema nimeingia Freemason.

Nisaidie.

Mama Dagaa, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Mimi ninaswali. Nalisema mapema ili ujue anayekujibu amesimama wapi, na ujue pia kwamba sitatumia nafasi hii kukurudisha kanisani wala kukuvuta msikitini. Mtu akiniambia imani imemjia, namwamini. Akiniambia imemtoka, sina sababu ya kumwona mwongo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na wa imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini au imani yake, na baada ya sensa ya 1967 serikali haijatuuliza tena kwenye sensa sisi ni wa dini gani. Mbele ya sheria huna kesi. Kesi yako iko nyumbani na mtaani, na huko ndiko barua yako ilikojaa.

Mungu umemmaliza kwa aya moja. Aya zilizobaki zote ni unga, sabuni, ada, Coaster ya Kasulu na mzee wa reli. Kwa hiyo najibu pale penye uzito. Unachoogopa kukipoteza ni watu, na katika ninyi watano wewe ndiye unayejua zaidi jinsi watu wanavyoshikana, kwa sababu daftari umelishika wewe.

Umeuliza kama inawezekana. Jumuiya hizi zipo, na za kwanza zilianza kabla reli haijafika Kigoma. Mwaka 1876 jijini New York, Felix Adler, mtoto wa rabi aliyetazamiwa kurithi mimbari ya baba yake, alianzisha chama cha watu waliotaka kuishi kwa maadili bila kulazimishana juu ya Mungu. Tazama walianza na nini. Mwaka uliofuata walikuwa wanatuma wauguzi kwenye nyumba za maskini wasio na uwezo wa kumwita daktari, na mwaka 1878 wakafungua chekechea ya bure kwa watoto wa vibarua. Msimamo wao ulikuwa kwamba tendo linatangulia, na unachoamini juu ya mbingu baki nacho mwenyewe. Chama kile kipo mpaka leo.

Huko Norway, tangu 1951 vijana wasiotaka kipaimara cha kanisa wana sherehe yao ya kiraia. Wanasoma kozi juu ya maadili, haki za binadamu na namna ya kufikiri kwa makini, kisha familia zinavaa vizuri, kunakuwa na muziki na hotuba, kijana anaitwa jina lake mbele ya watu na kupewa cheti. Chama chao cha wahumanisti, yaani watu wanaochukua utu na akili ya binadamu kuwa mwongozo wao pasipo dini, kilianzishwa mwaka 1956 na kina wanachama zaidi ya laki moja. Lakini serikali ya Norway inakipa ruzuku kwa kila mwanachama, kama inavyoyapa makanisa. Ninyi ruzuku hamtapata. Mtakuwa na kile mtakachochanga.

Wale wa kwenye simu wanaoimba Jumapili, nadhani mliona Sunday Assembly. Walianza London Januari 2013, waanzilishi ni wachekeshaji wawili, Sanderson Jones na Pippa Evans, ndani ya jengo lililokuwa kanisa zamani. Wanaimba nyimbo ambazo kila mtu anazijua, wanasikiliza mada, wanakaa kimya kidogo, wanakunywa chai. Kwa muda mfupi walienea miji mingi ya nchi nyingi. Halafu makundi mengi yakafungwa. Waliokuja kuimba walikuwa wengi, waliobaki kupanga viti na kulipia ukumbi walikuwa wachache, nao wakachoka. Mwambie kijana wenu hilo kwa upole, maana anachokipenda kwenye video ni ile sehemu rahisi.

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa kina. Mwanaanthropolojia Richard Sosis alifuatilia jumuiya za karne ya 19 kule Marekani ambazo watu walihama makwao wakaenda kuishi pamoja, na mwaka 2003 yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya jumuiya 83. Za kidini zilidumu kuliko zisizo za kidini. Tena zile za kidini zilizowadai watu mengi, waache pombe, waache vyakula fulani, watoe mali zao, ndizo zilizodumu zaidi. Zisizo za kidini zilipowadai watu mengi, hazikupata faida hiyo. Kwa hiyo msiige masharti ya kanisa mkidhani yatawashika. Mtu asiyengojea malipo ya mbinguni atauliza sharti hili linamsaidia nani, na jibu lazima alione kwa macho. Ziwa likifungwa tena, je, watano ninyi mtaweza kulipa ada ya mtoto wa mwenzenu? Mkiweza, mtadumu. Mkiwa mnakutana ili kuwasema mapadre na masheikh, mwaka hautaisha.

Karibu yetu kuna mifano miwili ya kutazama. Kasese, magharibi ya Uganda, kuna shule ya msingi ya wahumanisti iliyoanzishwa mwaka 2011 na Robert Bwambale. Wanasoma humo watoto wa Wakristo na wa Waislamu, kwa sababu mzazi anatafuta shule inayofundisha. Nairobi nako chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huo huo usajili ukasimamishwa baada ya malalamiko, ikabidi waende mahakamani. Haki ya kusajiliwa walikuwa nayo, sisemi walikosea kuidai. Nasema tu nguvu za kundi dogo ni chache, na za mmoja zilikwenda kwenye madarasa, za mwingine zikaenda kwa mawakili.

Ndiyo maana nasema mdahalo usifanyike. Sheria yenyewe ina kona hapo, Kanuni ya Adhabu inakataza kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu, na kwenye mdahalo wenye jazba nani atapima nia ya nani? Hata pasipo sheria, mfikirie nesi wenu. Wewe ukionekana jukwaani utanuniwa Jumamosi. Yeye anaweza kufungiwa mlango na baba yake usiku huo huo. Kundi ambalo kazi yake ya kwanza ni kumweka hatarini mwenzao aliye dhaifu kuliko wote limeanza vibaya. Facebook nayo iacheni.

Sasa hili la Freemason. Mama yako hatakuwa peke yake kulisema. Watu watano, dini tofauti, umri tofauti, mmoja biashara yake inakwenda vizuri, wanakutana ndani na mlango umefungwa. Mtaa mzima utapata jibu lake, na jibu hilo litakuua kibiashara kabla hujajieleza. Kutaneni mchana. Kaeni uani, watoto wakipita, jirani akichungulia akaribishwe chai. Fedha zihesabiwe na daftari lisomwe kwa sauti kila kikao, kama ulivyozoea. Akiulizwa mtu mnafanya nini, awe na jibu fupi la kweli: tunasaidiana kwenye ugonjwa na misiba, kwetu kusali si sharti.

Anzeni na msiba. Wewe unajua msiba ni nini, lazima pawe na turubai, viti, masufuria, kuni, mapipa ya maji, mtu wa kwenda mochwari, mtu wa kushika simu, mtu mwaminifu wa kuandika rambirambi. Watu watano hawawezi. Wakijitahidi sana watazika mmoja, wa pili atawashinda. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa katika barua hii ni kwamba msianzishe chama cha wasioamini. Anzisheni kikundi cha kufa na kuzikana ambacho katiba yake haimuulizi mtu dini. Mwenye kuswali aingie, asiyeswali aingie, kila mmoja alipe kiwango kilekile na apate huduma ileile. Muwe ishirini, muwe thelathini. Ninyi watano mtakuwa na mahali ambapo hamlazimiki kuigiza, na wengine watakuwa na kikundi kizuri cha misiba. Huko Norway wangeweza kujitenga kwa sababu wako wengi. Kigoma mtu asiye na dini anaishi katikati ya wenye dini, ndio wanaomsaidia kubeba jeneza, na mimi naona hilo ni jema, halihitaji kuonewa aibu.

Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze usajili. Kama mtaanza pia kukopeshana, jueni kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, na kazi hiyo hupitia halmashauri.

Mzee wa reli ana swali zuri kuliko ya wote. Mwambie hakuna kikundi kitakachoenda kuchukua maiti yake mikononi mwa ukoo. Aongee na wanawe sasa, akiwa mzima, kisha aandike anataka nini na kiwekwe saini mbele ya mashahidi. Aandike pia anaruhusu nini. Wanawe wakitaka kusali Baba Yetu pale kaburini, atakuwa amedhulumiwa? Wapo watakaosema ndiyo, wapo watakaosema aliyelala hajui na waliosimama ndio wanaohitaji. Aamue yeye. Makaburi ya manispaa yapo, na kaburi halichimbwi kwa cheti cha ubatizo.

Kuhusu ibada yenyewe, wasomaji wengi hudhani maziko yasiyo na sala ni kumfukia mtu kimya kimya. Uingereza kuna watu waliofundishwa kuongoza maziko ya kihumanisti. Wanakaa na familia kabla ya siku yenyewe, wanauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikasirishwa na nini, kisha pale kaburini wanayasimulia maisha yake kwa ukamilifu. Sisi nasi tuna wasifu wa marehemu, lakini tazama tunavyoufanya. Msoma wasifu anasimama juani na karatasi moja: alizaliwa, alisoma, alioa, aliajiriwa, aliugua, ameacha watoto sita na wajukuu kumi na moja, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Dakika tatu. Mtu aliyepokea treni ya Dar usiku kucha kwa miaka yote ile, akajua kila kreti ya dagaa ni ya mama gani, anastahili zaidi ya hapo. Mwalimu wenu aanze kumhoji mzee sasa hivi na kuandika. Hiyo inaweza kuwa kazi ya kwanza ya kikundi, na nawahakikishia hata wenye dini wataitaka kwa wazee wao.

Vijana wakitaka kuoa bila kanisa wala msikiti, njia ipo zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya bomani, taarifa inatolewa siku 21 kabla.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, na mimi haliniachi. Mkoa wenu unajua Kamchape, hao wanaojiita rambaramba, wanaoingia kijijini kutaja wachawi na kufukua wanachodai ni uchawi, wakiacha nyuma nyumba zimechomwa na watu wamelipishwa. Huku Tabora nako bibi kizee mwenye macho mekundu bado halali salama, wakati macho yale yameliwa na moshi wa kuni miaka hamsini. Wahumanisti wa Afrika wamejitokeza hapa kuliko wengi wetu. Malawi wametetea wanawake waliofungwa na kupigwa kwa tuhuma za uchawi, na Nigeria Leo Igwe alianzisha mwaka 2020 shirika la kuwatetea wanaotuhumiwa. Viongozi wetu wa dini wanalaani mauaji, ndiyo, lakini wengi wanaona vigumu kusema wazi kwamba bibi yule hana uchawi wowote. Ninyi mnaweza kulisema bila kigugumizi. Nesi anaweza kueleza macho yanavyoharibiwa na moshi. Mwalimu anaweza kusindikiza familia polisi. Siku mtakapomlinda bibi mmoja, hata wale wanaowaita Freemason watajua mnafanya kazi gani. Na mimi nitawachangia.

Turudi kwako. Uweka hazina uuache, lakini si kesho. Subiri uchaguzi wa jumuiya ukiwa karibu, au mwisho wa mwaka, sema unapisha mwingine, na daftari ulikabidhi mbele ya mashahidi, shilingi kwa shilingi, kila aliyekopa na aliyelipa. Ukiondoka katikati na maneno ya imani mdomoni, mtu mmoja tu akiuliza hesabu ziko wapi umekwisha. Ukishatoka kwenye uongozi, zaka unaweza kuiacha maana ile ni ya kanisa. Mchango wa mgonjwa na wa msiba usiuache kamwe, ule ni wa watu waliolala kwenye mikeka Kasulu kwa ajili ya baba yako. Umeniuliza kama ulikuwa unawadanganya. Unga waliokuletea hawakuuleta kwa sababu ya Nasadiki yako. Na wewe ulipokwenda kwa wagonjwa wao ulikwenda kweli.

Ukihudhuria misa, na utahudhuria, kwa harusi na kwa mama, usipokee komunyo. Kwao ni mwili wa Kristo. Kubaki kwenye benchi ni heshima kwao, na wanaobaki kwenye benchi kila Jumapili ni wengi kwa sababu mbalimbali.

Binti yako alikuuliza kwa sababu ameshaona. Watoto wa miaka 13 wanaona midomo inayokwenda tu. Mrudie kabla hajaamua kwamba swali lile ni la aibu. Mwambie kweli kwa kipimo chake: zamani niliamini, sasa siamini kama zamani, bibi yako anaamini sana, na wewe una haki ya kufikiri mpaka uone mwenyewe. Mafundisho ayamalize. Kama anataka kipaimara apate, mshonee gauni na ukae mstari wa mbele. Akisema hataki, usishangilie. Muulize kwa nini, na umsikilize.

Mama yako huna deni la kumpelekea taarifa hii Kasulu. Akikuuliza mwenyewe uso kwa uso, usimdanganye. Asipouliza, mshike mkono umpeleke misa ya asubuhi umrudishe.

Nesi wa Ujiji asiambiwe na yeyote kwamba ni mwoga. Anajua baba yake kuliko ninyi. Kwenye kikundi cha kuzikana anaweza kuja na hijabu yake na hakuna atakayeuliza, na hiyo ni sababu nyingine ya kukipenda kikundi cha namna hiyo.

Mwisho, mume wako. Umemtaja kwa injini zake tu. Hujaniambia kama anajua, wala kama yeye anaamini. Watu wanne unaokutana nao wanajua jambo ambalo mwenzako wa nyumbani huenda halijui, na siku atakapolisikia kutoka kwa kijana wa duka la simu, litakalomuuma halitakuwa Mungu. Anza na yeye, wiki hii, kabla ya kikao, kabla ya daftari, kabla ya binti. Kisha niandikie amesema nini, ndipo tuzungumze habari ya katiba ya kikundi.